Umebadilisha injini, stata haishiki? Soma hapa kabla hujanunua nyingine

Siku ya tatu baada ya kufunga injini nyingine kwenye Hilux yangu, nilikuwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, saa kumi na moja alfajiri. Migebuka ilishapakiwa kwenye barafu na mteja alikuwa anasubiri Kasulu. Nikazungusha ufunguo. Stata ikalia "wiiii", sauti nyembamba na nyepesi kama ya feni, na injini haikutikisika hata kidogo. Vijana wa mwaloni wakasukuma, gari likawaka, nikaondoka. Lakini njia nzima sikuthubutu kuzima. Kibirizi watu wa kukusukuma wapo. Ukizimikiwa usiku kwenye mlima, una samaki wa watu nyuma, utamwita nani?

Injini ya zamani ilikuwa 2L, na kichwa chake kilipasuka. Nikaagiza 3L ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Hizi ni injini za ukoo mmoja, ya kwanza ina cc 2,446 na ya pili 2,779, kwa hiyo gia boksi yangu ilikaa bila kukata wala kuchomelea kitu. Flaiwili na klachi tukahamisha za zamani. Stata tukaacha ile iliyokuja na injini, kwa sababu ilionekana safi kuliko yangu. Uamuzi huo wa dakika moja ulinigharimu wiki nzima.

Kwanza sikiliza. Ukizungusha ufunguo na kukawa kimya kabisa, umeme haufiki kwenye stata: angalia fyuzi, rele, swichi ya ufunguo, na ule waya mwembamba unaochomekwa kwenye solenoidi, lile kopo dogo lililolala juu ya stata. Ukisikia "ta!" moja halafu basi, solenoidi inaamka lakini nguvu haitoshi, au stata imekwama. Ikilia "wiiii" kama yangu, mota inazunguka ila gia yake ya mbele, ambayo mafundi huiita bendeksi, haishiki meno ya flaiwili. Ukisikia msago wa chuma kwa chuma, acha mara moja, maana kila jaribio linakula meno.

Mimi nilipitia sauti mbili kati ya hizo. Siku ile ya kwanza ya kufunga injini, ilikuwa "ta!" tu. Kijana wa umeme akaniambia, "Mzee, stata imekufa hii, agiza nyingine." Nilikaribia kukubali. Bahati nzuri mkono wangu ukagusa kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuniunguza vidole! Kebo ya pedeli haina kazi na umeme. Ikipata moto wakati wa kupiga stata, ujue umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, ukapita hapo. Tulipochungulia chini tukaikuta ethi ya injini, ule mkanda wa nyaya zilizosukwa, unaning'inia kwenye chasisi bila kufungwa. Injini inakaa juu ya raba, kwa hiyo bila mkanda huo haigusani vizuri na bodi.

Kama una mita, hili halihitaji kubahatisha. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hivi. Weka waya mmoja wa mita kwenye chuma kitupu cha injini, mwingine kwenye hasi ya betri, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako ni mbovu. Na betri yenyewe ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga, shughulika nayo kwanza. Kabla ya haya yote weka gia huru, vuta breki ya mkono, na zuia tairi kwa jiwe.

Nilipofunga ethi nilikwangua rangi na grisi mpaka chuma kikang'aa. Sisi wa Kigoma tunaiheshimu grisi. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916 baada ya kupaka mitambo yake grisi nzito, ikaibuliwa mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini ikitumia mitambo ileile ya mvuke; injini za dizeli zilikuja miaka ya 1970. Grisi inaokoa chuma. Lakini kati ya ethi na injini haitakiwi. Funga kwanza chuma kwa chuma, ndipo upake kwa juu kuzuia kutu ya unyevu wa ziwani.

Baada ya ethi, "ta!" ikageuka kuwa "wiiii". Watu walisema bendeksi imeisha. Inawezekana, kwa sababu bendeksi ina klachi ndogo ndani inayozunguka upande mmoja tu, na ikichoka mota huzunguka bure. Ukishatoa stata, ishike bendeksi kwa vidole: upande mmoja izunguke kirahisi, upande wa pili ikatae. Yangu ilikataa vizuri, kwa hiyo ilikuwa nzima.

Nikapaka chaki kwenye meno ya flaiwili kupitia tundu la stata, nikafunga tena na kupiga mara mbili. Nilipofungua, chaki ilikuwa vilevile, haina hata alama. Bendeksi haikufika kabisa.

Hapo ndipo nilipoitoa stata yangu ya zamani kwenye gunia na kuzilaza zote mbili mezani, nyuso za kufungia bolti zikiwa sambamba. Nilichomeka chanya ya betri kwenye kituo kidogo cha solenoidi na hasi kwenye mwili wa stata, sekunde mbili tatu tu, bendeksi ikaruka nje. Nikapima kwa rula ya chuma kutoka uso wa kufungia mpaka ncha ya bendeksi. Ile iliyokuja na injini ilikuwa fupi, tofauti kama unene wa sarafu tatu zikibebana. Injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, na kwenye magari mengi stata ya otomatiki na ya gia za mkono si moja, kwa sababu meno hayakai kina kimoja. Hesabu pia meno ya bendeksi zote mbili. Yakitofautiana, usilazimishe.

Kwa hiyo chukua hili: stata inafuata flaiwili na gia boksi, haifuati injini. Umebakiza flaiwili na gia boksi za zamani, bakiza na stata yake. Yangu nilibadilisha kaboni na bushi, nikaifunga, ikashika mara ya kwanza.

Wenye Land Cruiser za dizeli kutoka Japani waangalie pia kibandiko cha stata. Baadhi zilitoka kule na stata ya volti 24, hata kama taa na vitu vingine vyote ni vya volti 12. Stata kama hiyo kwenye betri moja itajikongoja tu.

Na kama stata inashika siku nyingine na siku nyingine haishiki, zungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele na uangalie meno ya flaiwili yote, mzunguko mzima. Injini ya silinda nne huwa inazimika sehemu mbili zilezile, na hapo ndipo meno huisha. Ringi ya meno hubadilishwa peke yake kwa kupashwa moto, si lazima flaiwili nzima.

Ombi langu kwa anayepanga kubadilisha injini: kabla ya kumuuzia mtu wa chuma chakavu ile ya zamani, fungua stata, flaiwili, lile bati linalokaa kati ya injini na gia boksi, na mkanda wa ethi. Viweke kwenye gunia, uvitunze mpaka gari limewaka asubuhi thelathini mfululizo bila kusukumwa.