Somo: Wasaidizi wa Kiota katika Kisiwa cha Cousin



Ni desturi katika mafunzo ya ushirika kutoa mfano wa nyuki au mchwa. Mifano hiyo imechakaa kidogo, tena ina kasoro moja: nyuki wa kazi hana hiari, kwa kuwa amezaliwa kuwa mtumishi. Somo hili limemchagua kiumbe awezaye kusaidia au kukataa, ambaye hesabu zake zimekaguliwa kwa makini kuliko hesabu za vyama vingi.

Yeye ni ndege mdogo wa visiwa vya Shelisheli, mashariki ya pwani yetu katika Bahari ya Hindi. Ni wa jamii ya ndege wa matete. Rangi yake ni kahawia iliyofifia, uzito wake gramu 15 hivi, wala hana umbo la kumsimamisha mpita njia. Wakulima wa pwani watakielewa kisa chake upesi, maana misitu yake ilifyekwa ili ipandwe minazi ya mbata, na paka na panya walioletwa na watu wakawashambulia waliosalia. Ilipofika mwaka 1968 ndege hao hawakuzidi 30, wote katika kisiwa kimoja kiitwacho Cousin, chenye ukubwa wa hekta 29 tu. Mwaka huo Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege likakipata kisiwa hicho kwa kukinunua. Minazi ilizuiwa isitawale tena, na mwitu wa asili ukaachwa urudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege walikuwa wapatao 300, na kisiwa kikawa kimejaa.

Mtaalamu wa Kiholanzi, Jan Komdeur, alianza kuwachunguza mwaka 1985. Alikuta kila jozi ina eneo lake na inalilinda mwaka mzima. Lakini jozi nyingi hazikuwa peke yake. Mtoto wa miaka iliyopita, mara nyingi wa kike, alibaki kwa wazazi. Akalinda mipaka pamoja nao, akashiriki kujenga kiota, kuatamia yai na kumlisha mdogo wake. Kazi hiyo si ndogo. Jike kwa kawaida hutaga yai 1 tu, na kinda akishatoka kiotani huendelea kulishwa kwa miezi kadhaa.

Kwa nini kijana aliyekomaa asiondoke akaanzishe nyumba yake? Wengi wangejibu kwamba ni mapenzi ya mzazi. Komdeur hakuridhika na jibu hilo. Mwaka 1988 ndege 29 walihamishwa kutoka Cousin kupelekwa kisiwa cha Aride, ambako aina hiyo haikuwako. Nafasi zilizoachwa wazi Cousin zilijazwa mara moja na vijana waliokuwa wasaidizi. Kumbe hawakukosa uwezo, walikosa nafasi. Huko Aride ardhi ilikuwa tele, na vijana wa mwanzo waliondoka kwa wazazi na kuzaa wenyewe. Baadaye, maeneo mazuri yalipokwisha kushikwa, waliozaliwa katika maeneo hayo wakaanza kubaki nyumbani, ijapokuwa maeneo hafifu yalikuwa bado wazi. Waliona afadhali kungoja penye chakula kuliko kumiliki penye njaa. Wale wasemao kwamba vijana wa siku hizi hawataki ushirika wangefanya vema kuuliza kwanza vijana hao wanangoja nini, na wapi.

Ubora wa eneo ulipimwa kwa kuhesabu wadudu walioko upande wa chini wa majani, ambao ndio chakula cha ndege hawa. Hesabu hiyo ilifunua jambo lisilotarajiwa. Katika eneo lenye wadudu wengi, msaidizi mmoja huongeza mafanikio ya kiota. Katika eneo hafifu, msaidizi yule yule hupunguza chakula cha wazazi, akawa mzigo. Hata eneo zuri likipata wasaidizi wengi mno, faida hupungua. Taarifa zetu za mwaka huhesabu wanachama wapya kuwa ushindi. Ni nadra kuona pembeni mwa tarakimu hiyo hesabu ya ghala, mizani na soko, kama navyo vimeongezeka.

Ndege mwenyewe huonekana kulijua hilo. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba jozi zisizo na msaidizi katika maeneo hafifu hupata watoto wa kiume asilimia 77, na hao kwa kawaida huondoka. Katika maeneo mazuri wa kiume ni asilimia 13 tu. Waliobaki ni majike, wasaidizi wa kesho.

Wala msaidizi hatoi jasho lake bure. Majike wasaidizi wengi hutaga yai lao katika kiota kile kile, likaatamiwa pamoja na la mwenye nyumba. Tena wanayo kumbukumbu. Jike aliyewalisha walipokuwa makinda akiwa bado yupo, husaidia kwa bidii. Akiwa amekufa na nafasi yake kushikwa na mgeni, bidii hupungua sana. Wanafuata nani aliwatendea nini.

Baada ya Aride, ndege walipelekwa Cousine mwaka 1990, Denis mwaka 2004 na Frégate mwaka 2011. Leo idadi yao yapita 2,000, wala hawahesabiwi tena katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Jambo la mwisho lilithibitishwa mwaka 2007. Jike mzee akinyang'anywa nafasi yake ya uongozi hafukuzwi kila mara. Baadhi yao hubaki katika eneo lile lile wakiwa wa chini, na asubuhi huonekana wakipekua majani kutafuta wadudu wa kuwalisha wajukuu.