TUFUNIKE ARDHI KWA MIMEA YA KWETU

Somo la vikundi

Ndugu zetu, mwezi huu tujifunze juu ya ardhi iliyo wazi: uwanja wa nyumbani, wa kanisa, wa shule. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

Kwa nini tufunike?

Tupige hesabu pamoja. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo uwanja wa mita 10 kwa 10 ukipata mvua ya milimita 20, umepokea lita 2,000. Hayo ni mapipa 10 ya lita 200! Lakini kama uwanja umefagiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu, maji mengi hayaingii chini. Yanateremka mbio, yanachimba mitaro na kubeba udongo mzuri wa shamba. Tunapoteza maji na udongo siku moja, halafu kiangazi tunatembea mbali na mitungi.

Wengine hutandaza nyasi kavu na mabua. Ni njia nzuri, lakini shida yake tunaijua: mabua hayo hayo ng'ombe anayangoja, na yanayobaki mchwa wanamaliza. Nyasi ya kupambia uwanja, ya kununua, nayo inataka maji na kukatwa kila mara. Mmea unaotambaa, uliozoea mvua na jua la hapa, ukishashika mizizi hujitunza zaidi.

Kwa nini mimea ya kwetu?

Tukumbuke mathenge. Mti huu wa kutoka nje ulipandwa Baringo miaka ya 1980 ili kulinda ardhi kavu na kutoa kuni. Ulienea, ukaziba malisho na njia, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Si kwamba kila mmea wa nje ni mbaya, lakini ule wa kwetu tabia yake wazee wetu wanaijua.

Tuchague nini?

1. Sehemu za juu zenye baridi na mvua. Nyasi ya Kikuyu asili yake ni milima ya Afrika Mashariki. Inatambaa, inashika udongo, na ng'ombe anaipenda. Mara nyingi utaona katikati yake klova ya Kenya, mmea mfupi wenye majani matatu matatu na ua jeupe. Mizizi yake hulisha udongo kwa naitrojeni kutoka hewani. Tuviache viwili hivi vikae pamoja. Lakini tahadhari! Nyasi ya Kikuyu ikiingia shambani, kuing'oa ni kazi kubwa. Usiipande karibu na mboga.

2. Sehemu kavu. Palipobaki kipara, tupande nyasi ambazo Wakamba huita mbeetua na ndata kivumbu. Hizi hukua kwenda juu, kwa hiyo ni za malisho na mahali palipomomonyoka, si za mlangoni. Mbegu mpya hazioti vizuri; tuzihifadhi pakavu miezi kadhaa kwanza.

3. Mchanga wa Pwani. Kuna mtambaazi wenye ua la zambarau na jani lililopasuka kama kwato la mbuzi. Unastahimili chumvi na kushika mchanga. Tusiung'oe.

4. Kati ya miti michanga ya matunda. Kunde ya kutambaa asili yake ni Afrika. Hufunika udongo kwa msimu mmoja, na mboga tunapata.

Je, nyoka?

Akina mama wengi watauliza hivyo, na wana haki. Wazee hawakufagia bure. Uwanja mweupe humwonyesha nyoka mapema. Kwa hiyo tuache ukanda wa mita 2 kuzunguka nyumba, choo na ghala ukiwa wazi. Pia tuache mahali pa kuanika mahindi na watoto kucheza. Tufunike kwanza kule maji yanakopita na kwenye mteremko. Mimea ikipanda juu, ikatwe na kupewa mifugo.

Namna ya kuanza

- Anzeni na kipande kidogo, mita 3 kwa 3, mvua zinapoanza.
- Lainisheni udongo kwa jembe, ng'oeni magugu.
- Kwa nyasi ya Kikuyu, kateni vipande vyenye vifundo 3, mzike viwili na kuacha kimoja nje. Acheni sentimita 30 kati ya shimo na shimo.
- Kwenye mteremko, mistari ikate mteremko, isifuate maji yanakoelekea.
- Zuieni mbuzi na kuku mpaka mizizi ishike.
- Msilipie kile kinachoota kando ya njia. Ombeni kwa jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Mvua ikinyesha, maji ya uwanja wetu yanakwenda wapi?
2. Ni mimea gani inayotambaa hapa kijijini? Wazee wanaiitaje, na mifugo inaila?
3. Ni nani anayefagia uwanja kila asubuhi? Tukipunguza sehemu ya kufagia, atapata nafasi ya kufanya nini?

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama alete mmea mmoja unaotambaa, pamoja na jina lake. Hapo kikundi kitachagua kwa macho, si kwa kusikia tu.