Mungu Anayefurahi Kuhurumia



Jumamosi ya juma la pili la Kwaresima, Kanisa linatusomea mistari ya mwisho ya kitabu cha nabii Mika, kisha Injili ya baba mwenye wana wawili katika Luka 15. Injili hiyo tumeisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na kwa kuwa tunaingoja, somo la Mika hupita masikioni mwetu haraka. Ni hasara, maana mistari ile michache inatufungulia Injili inayofuata. Katika makala hii tutaanza na Mika, tutapita kidogo kwa wanafalsafa tunaohangaika nao darasani, kisha tutarudi nyumbani, yaani kwenye jumuiya zetu.

Mika alihubiri katika Yuda karne ya 8 kabla ya Kristo, siku za wafalme Yothamu, Ahazi na Hezekia. Hakuwa nabii wa maneno laini. Anawakemea wenye nguvu wanaolala kitandani wakipanga namna ya kunyang'anya mashamba ya watu (2:1-2), pia wakuu wanaohukumu kwa rushwa na makuhani wanaofundisha kwa malipo (3:11). Msomaji wa sura hizo angetarajia kitabu kifungwe kwa moto. Badala yake kinafungwa kwa mshangao: nabii anauliza kama yupo mungu mwingine wa kulinganishwa na huyu. Hapo analigusa jina lake mwenyewe, kwa kuwa jina Mika kwa Kiebrania ni swali, nani aliye kama Bwana? Na jibu lake halitaji nguvu wala ngurumo. Mungu huyu hana mfano kwa sababu anasamehe, na anasamehe kwa sababu anafurahia kuhurumia (7:18).

Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo, hafetsi, hakimhusu mtu anayekubali jambo shingo upande. Ndicho kinachotumika kueleza jinsi Yonathani alivyopendezwa mno na Daudi (1 Samweli 19:1). Hosea anakitumia anaposema kwamba Mungu anapenda huruma kuliko sadaka (6:6), na neno lake la huruma ni lilelile la Mika, hesedi, yaani wema wa mtu anayebaki mwaminifu kwa agano hata pale mwenzake alipolivunja. Ezekieli naye anakitumia kwa kukanusha: kifo cha mwovu hakimfurahishi Mungu (18:23). Yesu alipolaumiwa kwa kukaa mezani na watoza ushuru, aliwaambia Mafarisayo waende wakajifunze maana ya maneno hayo ya Hosea (Mathayo 9:13). Aliwapa kazi ya nyumbani, na waliopewa walikuwa wasomi wa Maandiko. Sisi wa seminari tusiipite sentensi hiyo haraka.

Sasa mwanafalsafa anainua mkono. Huruma ni kuumia kwa ajili ya taabu ya mwingine. Mungu haumii. Basi atahurumiaje, tena kwa furaha? Swali hili si la mchezo. Seneca, alipomwandikia kijana Nero kitabu kuhusu upole wa mtawala, aliusifu upole huo lakini akaihesabu huruma kuwa udhaifu wa roho inayotikisika ikiona mateso ya wengine. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 9 cha Mji wa Mungu, hakukubaliana na Wastoa juu ya jambo hili. Kwake huruma ni ule mguso wa moyo mbele ya taabu ya mwingine unaotusukuma tumsaidie tukiweza, na mguso huo hauna kosa ukiongozwa na akili.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilichukua swali hilo na kuligawa, kama ilivyo kawaida yake. Katika huruma kuna mambo mawili: huzuni anayoipata mwenye kuhurumia, na tendo la kuiondoa taabu. Lile la kwanza halimo ndani ya Mungu. Lile la pili ni lake kuliko la yeyote, kwa kuwa taabu ni upungufu, na anayeweza kujaza kila upungufu ni yule asiyepungukiwa na kitu (Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 21, kifungu cha 3). Mtu akisoma hapo tu anaweza kubaki na picha ya Mungu mkarimu lakini baridi, kama afisa anayegonga mhuri bila kuinua uso.

Inafaa turudi nyuma swali moja. Katika swali la 20 Thomas anaeleza ni maneno gani ya moyo tunaweza kuyasema juu ya Mungu kwa maana yake halisi. Huzuni na hasira yanasemwa kwa mfano tu, kwa sababu ndani yake yana kasoro fulani. Upendo na furaha hayana kasoro hiyo, kwa hiyo yanasemwa juu ya Mungu kwa maana halisi, yakihusu utashi wake na wala si mihemko ya mwili. Tuone linalofuata. Tunaposema kwamba Mungu anahuzunishwa na dhambi zetu, tunatumia lugha ya mfano, nayo ni nzuri na ya lazima. Mika anaposema kwamba Mungu anafurahia kuhurumia, anasema jambo lililo hivyo hasa. Waamini wengi, tunadhani, wanaamini kinyume chake: kwamba hasira ya Mungu ndiyo halisi, na furaha yake ni maneno ya kutufariji.

Tukienda Luka 15 na hilo mkononi, tunaona kwamba sura nzima ni ya sherehe. Mchungaji anamwinua kondoo mabegani akifurahi, kisha anawaita jirani. Mwanamke aliyepata shilingi yake moja anawaita jirani naye, na yawezekana kuwakaribisha kulimgharimu zaidi ya ile shilingi. Mwana mdogo ameandaa hotuba njiani: amekosa, hastahili kuitwa mwana, afanywe kibarua. Linganisheni aya ya 19 na ya 21. Sehemu ya kibarua haifiki kusemwa, maana baba tayari anaagiza joho, pete na viatu.

Halafu yupo kaka mkubwa. Watu humwonea kidogo katika mahubiri. Yeye ni mtu wa kazi. Yuko shambani wakati wengine wanacheza, na baba hamkanushi anaposema kwamba hajavunja amri hata moja. Lakini kitenzi anachokitumia kueleza utumishi wake, katika Kigiriki cha Luka, ni kile cha mtumwa. Amekaa nyumbani miaka yote bila kujua kinachomfurahisha baba yake. Ndiyo maana muziki na ngoma vinamshtua, naye analazimika kumwuliza mtumishi kuna nini.

Aristotle, ambaye hakuisoma Injili, anatusaidia kumwelewa. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anasema dalili ya fadhila iliyokomaa ni raha au uchungu unaofuatana na tendo. Anayejizuia na anasa na kufurahia kujizuia ndiye mwenye kiasi, na anayejizuia huku akinung'unika bado hajafika. Mtume Paulo anaelekea hukohuko anapowataka Warumi wanaotenda huruma waitende kwa moyo mkunjufu (12:8). Na Mika mwenyewe, sura moja kabla ya wimbo wake wa mwisho, anachagua vitenzi vyake kwa makini: haki itendwe, huruma ipendwe (6:8). Kuitenda huruma tu hakumtoshi nabii.

Hapa ndipo jambo linapotugusa. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinatenda matendo mengi ya huruma. Wagonjwa wanatembelewa, wafiwa wanachangiwa, yatima wananunuliwa sare za shule. Hata hivyo katika jumuiya nyingi kuna daftari, na kuna swali linalojulikana na wote. Mtu ameacha kusali miaka 5 au 10, haonekani Jumamosi, hajatoa zaka, halafu anaugua au anafiwa, na familia inakuja kuomba. Swali linatoka kabla ya pole: huyu aliwahi kumchangia nani? Likijibiwa vibaya, huduma hutolewa kwa masharti, au hutolewa huku watu wakitazamana. Wakati mwingine marehemu mwenyewe ndiye anayeulizwa, naye hawezi kujibu.

Tusiwaonee viongozi wa jumuiya. Wanaobeba mzigo ni walewale wachache, na mtu anayekumbuka jumuiya siku ya msiba tu anawachosha. Utaratibu una sababu zake. Lakini Sheria ya Kanisa inapotaja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa, katika kanuni ya 1184, inawataja waasi wa imani, wazushi na watenganifu walio dhahiri, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wengine walio wazi ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Penye shaka, mahalia anaulizwa, yaani askofu wa mahali. Madeni ya zaka na mahudhurio ya jumuiya hayamo katika orodha hiyo.

Tukumbuke pia jinsi hesabu ya matendo ya huruma ya kimwili ilivyofika 7. Mathayo 25 inataja 6 tu: kulisha, kunywesha, kuvika, kukaribisha mgeni, kutazama wagonjwa na wafungwa. La saba, kuzika wafu, Kanisa lililichukua kwa Tobiti, aliyezika maiti za ndugu zake zilizotupwa nje ya kuta za Ninawi akijua kwamba mfalme angeweza kumwua kwa ajili hiyo (Tobiti 1:17-19). Hakuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Je, haki inakwenda wapi? Thomas ana mfano mfupi tunaoupenda. Mtu anadaiwa dinari 100, naye anamlipa mdai wake 200 kutoka mfukoni mwake. Hakuvunja haki, ameilipa na kuipita. Ndivyo anavyofanya mwenye kuhurumia. Jumuiya inayomzika mtu asiyewahi kuhudhuria haijadanganya kwamba alihudhuria.

Kanisa la Afrika lina shahidi wa jambo hili. Mwenyeheri Isidore Bakanja alikuwa kijana mlei wa Kongo, kibarua wa ujenzi, aliyebatizwa mwaka 1906. Msimamizi wa shamba la wakoloni aliichukia skapulari yake na sala zake, akaamuru apigwe kwa mjeledi wenye misumari. Vidonda vilioza kwa miezi, akafariki tarehe 15 Agosti 1909. Bakanja hakuficha lililotendeka. Aliwaambia waliomkuta kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristo. Mapadre walipomsihi asamehe, alijibu kwamba atamwombea mtu yule akifika mbinguni. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994, wakati Sinodi ya Afrika ikiendelea Roma. Furaha tunayoizungumzia haikumwondolea maumivu mgongoni. Ilikuwa kumtakia mema ya milele, kwa dhati, mtu aliyemtesa.

Kwetu mafrateri, ambao Mungu akipenda tutaketi siku moja katika kiti cha kitubio, jambo hili lina uzito wake. Papa Fransisko, katika Evangelii Gaudium namba 44, aliwakumbusha mapadre kwamba kitubio hakipaswi kuwa chumba cha mateso. Mtu aliyekaa miaka 20 bila kuungama hufika na hotuba yake mkononi kama yule mwana mdogo, na husoma uso au sauti ya padre kabla ya kusikia neno lolote. Ondoleo ni halali hata likitolewa kwa uchovu. Lakini huyo mtu atakwenda nyumbani na picha gani ya Mungu?

Kwa Kwaresima hii tunapendekeza kitu kidogo. Jumuiya inapokutana kutafakari Luka 15, kabla daftari la michango halijafunguliwa, mwenyekiti aulize ni jina la nani halijatajwa hapa kwa muda mrefu. Wachaguliwe wawili, ikiwezekana wale ambao hawana kinyongo naye, waende kumsalimu tu. Wasibebe barua ya deni. Na akirudi Jumamosi inayofuata, wenyeji wamwachie nafasi kwenye mkeka na kuendelea na wimbo.