SOMO: KULIWEKA TAYARI LORI KWA SAFARI NDEFU

Masomo ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 14:28–30, Mathayo 4:5–7



Maharage na mahindi ya Kasulu na Kibondo huliwa mbali sana na hapa petu. Baada ya mavuno, vikundi vya wakulima hukodi lori kupeleka mazao Kahama, Dodoma, hata Dar es Salaam. Lori litokalo Kasulu hupita Kibondo na Kakonko mpaka Nyakanazi, kisha Kahama na Nzega. Hata kufika Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Na liendalo Kigoma hushuka kama mita 500 kutoka vilima vya Buha mpaka ziwani. Katika mwendo wa namna hiyo, kasoro ndogo iliyopuuzwa nyumbani huwa kubwa.

Wengi wetu hudhani kwamba kulitayarisha gari ni kazi ya dereva, na kazi yetu sisi wenye mzigo ni kuomba tu. Somo hili lataka kuonyesha kwamba sivyo.

1. NENO LA MUNGU

Waisraeli waliagizwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke. Dari zao zilikuwa bapa, na watu walikaa juu yake. Angalieni mambo mawili. Kwanza, ukuta hujengwa kabla mtu hajaanguka. Pili, mwenye nyumba huhesabiwa hatia ingawa hakumsukuma mtu. Hatia yake ni kwamba aliacha kujenga. Naye Bwana Yesu, katika Luka, asema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi na tuketi, tuhesabu.

2. UKAGUZI WA LORI

(a) Breki. Malori makubwa mengi hutumia breki za upepo. Washa injini, ngoja upepo ujae, kisha zima. Kanyaga breki na kuishikilia, huku ukisikiliza na kutazama geji. Geji ikizidi kushuka, upepo unavuja, na safari isianze. Matangi ya upepo yafunguliwe chini kila siku ili maji yatoke, maana hewa ina unyevu.

Kwenye mteremko, dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Breki ikikanyagwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu, ingawa kule juu ilikuwa nzima. Kutoa gia ili lori litelemke lenyewe, kwa kuokoa dizeli, ni kuhatarisha roho za watu.

(b) Magurudumu. Tazama sana magurudumu ya nyuma yaliyo mawili mawili. Tairi lisilo na upepo hujificha kando ya mwenzake, na yule mwenzake hubeba mzigo wa wote wawili, huchemka, hupasuka. Toa jiwe lililokwama katikati. Nati ikionyesha michirizi ya kutu, huenda imelegea. Gurudumu likibadilishwa njiani, nati zikazwe tena baada ya kilometa kama 50.

(c) Mafuta na maji. Mafuta ya injini hupimwa lori likiwa mahali pa sawa, injini imezimwa na kutulia. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto. Mkanda wa feni uangaliwe kama umepasuka au kulegea. Chujio la hewa lisafishwe, hasa wakati wa vumbi la kiangazi.

(d) Usukani, springi, taa na wipa. Kwetu mvua huanza kama Novemba na kuendelea hata Aprili au Mei. Wipa mbovu mwezi wa Januari ni sawa na upofu.

(e) Vifaa. Yawepo jeki iwezayo kuinua lori likiwa na mzigo, spana ya magurudumu, kabari, tairi la akiba lenye upepo, na pembetatu za kuonya wengine. Lori likiharibika, mawe yaliyowekwa nyuma ya gurudumu yasiachwe barabarani. Ajaye usiku na pikipiki ni jirani yako pia.

3. HESABU YA MZIGO

Tuseme lori limeandikwa kubeba tani 7. Magunia 60 ya kilo 100 ni tani 6. Lakini magunia yakiwa ya lumbesa, yenye kilo 120 kila moja, ni kilo 7,200. Tayari tumezidisha, ingawa hesabu ya magunia ni ile ile. Wakipanda juu watu 20 wa kilo 60, zimeongezeka kilo 1,200. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikufanya lori la mizigo kuwa gari la abiria. Watu na wasafiri kwa basi.

Mzigo mzito uwe chini, usiegemee upande mmoja, ufungwe kwa kamba na turubai. Uliopanda juu sana huliangusha lori kwenye kona. Tushukuru kwa lami iliyoongezwa katika njia zetu, lakini lami huleta mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali ambao breki zahitaji kulisimamisha gari huwa kama mara nne.

4. WAJIBU WA WENYE MZIGO

Mara nyingi dereva ajua kasoro, ila anasukumwa. Mwenye mali ana haraka, bei ya sokoni yaweza kushuka, na fundi ataka siku nzima. Kungoja kuna hasara ya kweli, wala tusiifiche. Lakini mtu asemaye, “Twende tu, Mungu yupo,” hali anajua breki zinavuja, anamjaribu Bwana. Yesu mwenyewe alikataa kujitupa kutoka juu ya hekalu.

Kwa hiyo yafaa kila kikundi kifanye haya: kimchague mtu mmoja akague lori pamoja na dereva jioni ya kuamkia safari, kabla ya giza, kitenge fedha za matengenezo katika gharama za safari, na kipatane mapema kwamba dereva akisema lori lisiondoke, haliondoki, wala hapunguziwi malipo.

Katika Litania twawaombea wasafiri. Na tuwaombee kwa moyo wote, tukiisha kukaza nati.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kazi zako, “ukuta wa dari” ni nini?
2. Kwa nini watu huona haya kumwunga mkono dereva akataaye kuondoka?
3. Lumbesa humwumiza nani, sokoni na barabarani?

SALA

Ee Mungu, uwalinde wote walio safarini leo, madereva na matingo wao. Utupe sisi tubakio nyumbani uangalifu wa kutenda sehemu yetu kabla hawajaondoka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.