SOMO LA HESABU: ADA NDOGO, GHARAMA KUBWA



Mzee mmoja wa darasa letu hapa Mnazi alikuja na fomu mbili mkononi. Binti yake amefaulu, anataka kusomea uuguzi miaka 3. Vyuo vyote viwili ni vya watu binafsi. Mzee alikuwa amekwisha chagua kile cha ada ndogo, na mnunuzi wa ng'ombe wake anangoja nje. Tukamwambia, hebu ngoja kwanza, tuandike ubaoni.

Chuo cha kwanza: ada 1,600,000 kwa mwaka, bweni na chakula humo humo. Michango 100,000. Jumla 1,700,000. Zidisha mara 3: shilingi 5,100,000.

Chuo cha pili: ada 1,000,000 tu. Lakini nyuma ya fomu, kwa maandishi madogo, michango 200,000. Bweni hakuna. Chumba na chakula mjini 80,000 kwa mwezi, miezi 10, ni 800,000. Jumla 2,000,000. Mara 3: shilingi 6,000,000.

Mzee akanyamaza. Ile ada ndogo imemzidi kwa 900,000!

Ng'ombe hawakutosha, ilipungua milioni 1. Yupo mtu anakopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Yaani 100,000 kila mwezi. Kwa mwaka 1,200,000 ni riba peke yake, na milioni yake bado anaidai. Mkopo huo tulimkataza waziwazi.

Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 inakopesha pia baadhi ya kozi za stashahada, zikiwamo za afya. Si kila mwombaji anapata. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mshahara ukiwa 500,000, makato ni 75,000. Deni la 3,000,000 litakwisha kwa miezi 40.

Lakini mshahara wenyewe utakuwapo? Hapo ndipo vyuo vingi havisemi kitu. Tulimshauri binti aulize kila chuo: waliomaliza mwaka juzi walikuwa wangapi, wangapi walifaulu, wangapi wana kazi, na wanalipwa ngapi? Asiulize ofisini peke yake. Awatafute wahitimu wenyewe, wawili watatu, kwa simu. Na kabla ya yote aangalie kama chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET, maana cheti cha chuo kisichosajiliwa hakimpatii kazi hospitali.

Mnunuzi wa ng'ombe aliambiwa arudi Jumatatu.

ZOEZI. Mwalimu anadaiwa na Bodi 4,500,000. Mshahara wake ni 600,000. Atakatwa ngapi kwa mwezi, na deni litakwisha baada ya miezi mingapi?