Rejeta Isiyopata Joto: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyumba

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji yanayotoka kwenye boila ya gesi na kuzungushwa na pampu hadi kwenye rejeta za ukutani. Rejeta ikibaki baridi, wajibu wa kwanza wa fundi ni kubaini chanzo. Kubadilisha kifaa kizima ilhali tatizo ni hewa kidogo ni kumdhulumu mteja.

Uchunguzi huanza kwa kujua baridi iko wapi. Rejeta zote zikiwa baridi, kasoro hutafutwa kwenye saa ya boila, thamostati, pampu au presha ya maji. Mfumo uliofungwa, ukiwa umepoa, kwa kawaida huhitaji presha ya bar 1 hadi 1.5. Presha inayoshuka kila mara ni dalili ya uvujaji, na kuongeza maji pekee si matengenezo.

Rejeta yenye joto chini na baridi juu ina hewa. Mfumo huzimwa na kuachwa upoe, kitambaa huwekwa chini ya vali ya hewa, kisha vali hulegezwa taratibu kwa ufunguo wake. Maji yakianza kutoka, vali hufungwa mara moja. Baada ya hapo presha hukaguliwa tena, kwa kuwa hushuka hewa inapotoka.

Rejeta moja ikiwa baridi yote, huenda pini iliyo chini ya kichwa cha vali ya kudhibiti joto imekwama. Pini hiyo hubonyezwa polepole hadi irudi yenyewe. Kuivuta kwa koleo kunaweza kusababisha maji kuvuja. Baridi ya sehemu ya chini, hasa katikati, huashiria matope ya kutu. Dawa yake ni kusafisha mfumo na kuweka kemikali ya kuzuia kutu. Rejeta za mbali zikikosa joto ilhali za karibu na boila zina joto kali, vali za upande wa pili wa rejeta za karibu hubanwa kidogo ili maji yagawanyike kwa usawa.

Kazi ya gesi ina mpaka wake kisheria. Anayefungua sehemu za gesi za boila kikazi lazima awe amesajiliwa na Gas Safe Register, na nyuma ya kadi yake huonyeshwa aina za kazi alizoidhinishwa kufanya. Nchini England, sheria ya upangaji ya mwaka 1985 humtaka mwenye nyumba, katika mikataba ya muda mfupi, kudumisha vifaa vya kupasha joto. Kwa hiyo mpangaji anayeripoti rejeta baridi anadai haki yake.

Kila kazi iandikwe: dalili iliyoonekana, kilichofanyika na presha iliyoachwa. Fundi anayetunza kumbukumbu hizo humlinda mteja, na hulinda pia jina lake mwenyewe.