Kuchagua Kamera ya Kwanza

Kamera ya dijitali yenye kioo ndani humwonyesha mpiga picha kile kile kinachoonwa na lenzi. Abonyezapo kitufe, kioo huinuka na mwanga huingia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiitazame kamera peke yake. Tazama na lenzi yake.

Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nilinunua Nikon D3500, ya mwaka 2018, kamera nyepesi imfaayo mwanafunzi. Baadaye nikapata kwa bei rahisi lenzi kuukuu yenye alama AF tu. Siku ya Kipaimara ya mdogo wangu, lenzi ilikataa kulenga yenyewe. Kumbe lenzi za namna ile huendeshwa na mota iliyo ndani ya kamera, na D3500 haina mota hiyo. Nikaizungusha kwa mkono, mbiombio. Picha ya Askofu akimpaka mafuta ikatoka ukungu mtupu. Na Kipaimara hakirudiwi.

Basi mwenye D3500 achague lenzi yenye alama AF-S, ambayo ina mota yake yenyewe. Akipenda lenzi za zamani, atafute kamera yenye mota, kama D7200. Tena, kabla ya kulipa, aifunge lenzi kwenye kamera yake na kupiga picha papo hapo. Mimi sikujaribu, na hata leo mama huniuliza picha ile iko wapi.